Majivu Kabla ya Sabuni

Mama anayetaka kuwadhuru watoto wa shule haanzi na wa kwake. Niliseme hilo kwanza, maana likinikaa kooni sitaweza kueleza mengine. Winnie, binti wa Elina, alikuwa wa kwanza kutapika siku ile, na bado kijiji kizima kilikaa kwenye vibanda vya chai kikisema kwamba Elina amewatilia watoto sabuni kwenye maji. Watu wazima, wenye akili zao, wanaojua kumtambua ng'ombe wao kati ya mia kwa mlio tu, hawakuweza kujiuliza swali dogo kama hilo.

Elina ni mpishi wa shule ya msingi kijijini kwetu, kata ya Nkoma, na tangu mwaka jana ndiye pia mtunzaji wa chujio la maji la shule. Chujio lenyewe ni pipa la bluu lenye bomba kwa chini, na ndani yake mna chembe nyeupe ambazo watu wetu waliziita chenga siku ile ile walipoziona, kwa sababu zinafanana na chenga za mchele. Hawakukosea sana. Zinatengenezwa kwa pumba za mpunga zilizochomwa mpaka zikabaki nyeupe. Ni silika, ndugu wa mchanga na kioo, ila imejaa vitundu visivyoonekana kwa macho. Chukua kiganja kimoja tu, zikunjue kuta za vitundu vyote uzitandaze chini, utafunika ekari nzima ya shamba. Ndiyo maana zinakamata uchafu, na ndiyo maana zinakamata na vitu vingine ambavyo hakuna aliyezituma kuvikamata.

Mradi wa maji ulituletea machujio mawili: moja shuleni kwa Elina, la pili zahanati, ambako mtunzaji ni mama yangu, Nyanjige. Machujio ya aina hiyo yalikuwa yameshajaribiwa Nassa, kule ziwani, yakafanya kazi mwaka mzima bila neno. Kila Ijumaa mtunzaji anafungulia maji yote yatoke, anazitoa chenga kwenye beseni, anaziosha kwa sabuni ya unga kuondoa utelezi, anasuuza mara tatu, anazirudisha. Maelezo hayo yamebandikwa ukutani juu ya kila chujio, kwenye karatasi iliyovishwa plastiki, yenye nembo ya mradi na picha ya mwanamke anayetabasamu kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwona akisuuza kitu.

Karatasi hiyo niliifasiri mimi. Naitwa Shida, na msicheke, nilizaliwa mwaka wa njaa. Ni fundi sanifu wa maabara katika sekondari moja mjini Bariadi. Mradi ulipotafuta mtu wa kuyatoa maelezo yao kwenye Kiingereza na kuyaweka kwenye Kiswahili ambacho mtu wa Nkoma atakielewa, walinichukua mimi, likizo ya Juni mwaka jana, wakanipa meza kwenye ofisi yenye kiyoyozi na kiti kinachozunguka. Nilijivuna, sitaki kudanganya. Nilimpelekea mama nakala ya kwanza kabisa, akaishika kwa ncha za vidole kama cheti cha ndoa.

Sasa sikilizeni kilichotokea. Kisima kirefu cha kijiji chetu kina maji ya chokaa. Sufuria ya chai inajenga ukoko mweupe ndani ya mwezi mmoja, na mtu akifua anasugua mpaka mikono inauma, povu halitoki. Kwetu tunasema maji yanakula sabuni. Jumatatu ya wiki ya mwisho ya Novemba pampu ya kisima ilikuwa imekufa siku mbili, na usiku wa kuamkia siku hiyo ikanyesha mvua kubwa ya kwanza. Tangi la shule likajaa maji ya bati. Elina alifanya alivyofundishwa, kwamba maji yote ya kunywa yapite kwenye chujio, hata ya mvua, akalijaza pipa maji ya mvua kwa mara ya kwanza tangu lije. Kufika saa nne watoto wakakuta maji yanatoka na povu. Watoto ni watoto, walicheka, wakapuliza mapovu, wakanywa. Watatu wakatapika. Wakapelekwa zahanati, wakapewa maji na kupumzishwa kwenye mkeka, na jioni walikuwa wanakimbizana.

Hakuna aliyekufa. Hakuna aliyelazwa hata siku moja. Lakini neno sumu likishatoka mdomoni mwa mtu huku kwetu, halirudi. Jumanne wazazi walikuja kumwangalia Elina akipika uji, wakasimama mlangoni na kukunja mikono. Jumatano hakuna mtoto aliyenywa uji wake. Akipita njiani, watu waliwavuta watoto wao upande wa pili. Siku hiyo hiyo mama yangu alinipigia simu. Mama yangu ni mtu wa kubipu, hajawahi kunipigia simu mpaka ikapokelewa tangu nimpe ile simu. Nilipoona imeita zaidi ya mara moja nilijua kuna msiba.

Alisema kwamba Injinia wa mradi amekuja, amekaa dakika kumi, amechota chenga za Elina, amezinusa, ameandika. Jumamosi kutakuwa na mkutano wa kumnyang'anya Elina ufunguo wa chujio, na barua itakwenda wilayani yenye jina lake. Mpishi ambaye jina lake limeandikwa kwenye karatasi moja na neno sumu hapiki tena mahali popote, si shuleni, si kwenye harusi, si kwenye matanga. Mama alisema hivyo, kisha salio likaisha.

Injinia anaitwa Method. Si mtu mbaya, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Anavua kofia akisalimia wazee, anajua kuwaamkia mwangaluka kwa Kisukuma na kungoja aitikiwe. Ubaya wake umo kwenye neno moja: mtumiaji. Pampu ikifa, mtumiaji. Bomba likipasuka, mtumiaji. Nilimpigia simu jioni ile kumuuliza ameona nini, akanijibu kwa upole kabisa kwamba sampuli ina sabuni, kwamba mtumiaji hakusuuza, na kwamba ni kosa la kibinadamu. Nilimwuliza kama amemwuliza Elina. Akasema chenga zimeshajibu.

Ijumaa niliomba ruhusa, nikapanda pikipiki mpaka Nkoma. Mvua ilikuwa imeifanya mbuga kuwa ugali, na mara mbili nilishuka kusukuma. Nilifika kwa Elina nimetapakaa tope mpaka magotini nikamkuta amekaa kwenye kigoda nyuma ya nyumba, hafanyi lolote. Elina ninayemjua hakai bure. Tulisoma darasa moja, na hata wakati wa mapumziko alikuwa anachambua mboga za mtu.

Alinieleza yote kwa sauti ya chini. Alisuuza mara tatu, kama karatasi inavyosema. Kisha kwa sababu watakaokunywa ni watoto akaongeza mara mbili, zikawa tano. Maji ya mwisho yalikuwa safi, hayana povu hata tone. Aliyaonja mwenyewe. Nami, nikiwa nimekaa naye, nikiwa nimemshika mkono, nilikuwa nawaza moyoni kwamba labda alichoka, labda alisuuza mara moja tu akahesabu nyingine kichwani. Ndiyo. Nilimtukana Injinia njia nzima, na nilipofika niliwaza kama yeye.

Kutoka hapo nilikwenda zahanati kumwona mama. Ilikuwa Ijumaa, siku ya kuosha. Nilimkuta ameinama juu ya beseni la chenga, na pembeni yake kuna ndoo yenye majivu. Damu ilinipanda. Mwezi wa tatu Injinia alikuwa ameshamkuta na ndoo hiyo hiyo, akaandika kwenye fomu ya ukaguzi kwamba mtumiaji anatia majivu, ni uchafu, aonywe. Fomu hiyo niliisoma kwa macho yangu, na niliona aibu, si kwa ajili ya Injinia bali kwa ajili ya mama.

Nilimwambia aache majivu, kwamba kesho wanamnyang'anya Elina ufunguo na keshokutwa ni zamu yake. Mama hakunyanyua kichwa.

"Wewe ulikuwa unafuliwa sare na nini, mwanangu?" aliniuliza. "Maji ya hapa yanakula sabuni. Usipoyashibisha majivu kwanza, sabuni unamlisha nani?"

Akaendelea na kazi yake. Majivu yalikuwa ya mashina ya pamba, yale tunayong'oa na kuchoma baada ya mavuno. Alikuwa ameyaloweka tangu jana, akachota maji ya juu yaliyotulia, akayamimina kwenye ndoo ya maji ya kisima, maana pampu ilikuwa imeshatengenezwa. Maji yakawa meupe, kama yametiwa unga. Akangoja unga utuame chini, akachota yale safi ya juu, na kwa hayo akaosha chenga kwa sabuni, na kwa hayo hayo akasuuza. Nilishaona kitu hicho mara elfu moja. Kila Jumamosi ya utoto wangu ilikuwa na ndoo hiyo. Nilisimama pale na cheti changu cha maabara nikihisi masikio yanawaka moto.

Ndipo nilipomwuliza habari za maji, swali ambalo ningeanza nalo kwa Elina kama ningekuwa na adabu. Wale watoto watatu walipoletwa zahanati Jumatatu, walikunywa maji gani? Mama akasema ya mvua, mengine yangetoka wapi na pampu imekufa. Yamepita kwenye chujio? Yamepita. Yalikuwa na povu? Akaniangalia kama mtu aliyeuliza kama ng'ombe ana pembe.

Mvua moja, chenga za gunia moja, sabuni ya duka moja. Povu kule, huku hakuna. Niliomba chupa tatu tupu za soda, nikarudi kwa Elina mbio nikachota chenga zake, nikakaa uani kwa mama mpaka jua linakaribia kuzama. Chenga za Elina nikazitikisa na maji ya kisima yaliyobaki kwenye mtungi: hakuna povu. Nikamwaga, nikatia maji ya mvua, nikatikisa: povu likapanda mpaka shingoni mwa chupa. Chenga za mama nikazitikisa na maji ya mvua: kimya, maji matupu.

Nitaeleza mara moja tu, na kwa urahisi. Sabuni ya unga na silika havipatani. Vyote viwili vina chaji ya aina moja, vinasukumana kama fahali wawili zizini. Kwenye maji laini kama ya ziwani, sabuni inaosha chenga, inaondoka zake. Lakini chokaa iliyoyeyuka kwenye maji ya kisima chetu ina chaji ya upande wa pili, tena mara mbili, kwa hiyo mkono mmoja inaishika silika na mkono wa pili inaishika sabuni. Chokaa ni mshenga. Inaozesha wasiopendana, na ndoa inafungwa ndani kabisa, kwenye vile vitundu, kwenye ile ekari nzima ya kuta. Suuza mara tano, suuza mara hamsini: kama unasuuza kwa maji yale yale ya chokaa, kila mara unamleta mshenga mwingine. Povu halionekani, maji yanatoka safi, unaonja, unaridhika. Halafu inanyesha mvua. Maji ya mvua hayana chokaa. Mshenga anaondoka, ndoa inavunjika, na sabuni ya mwaka mzima inatoka siku moja kwenye kikombe cha mtoto.

Kumbe maji hayakuwa yanakula sabuni. Yalikuwa yanaificha. Majivu yanaigandisha chokaa mapema, inatuama chini, mshenga hafiki harusini. Hayo mama yangu aliyafanya bila kumsikia mtu yeyote akisema neno silika, na kwa kazi hiyo aliandikwa mchafu.

Nilicheka kwa hasira. Nilikuwa tayari kwenda kumchana Injinia mbele ya kijiji kizima. Nilikuwa naosha chupa huku najipangia maneno, na katikati ya kupanga, mkono wangu ukasimama. Nilikumbuka meza ile, kiyoyozi, kiti kinachozunguka. Nilikumbuka mstari wa nne wa maelezo ya Kiingereza: kama maji yana chokaa, yalainishwe kwanza, kwa njia inayojulikana na wenyeji.

Mstari huo ulikuwepo. Niliusoma. Nilijua papo hapo njia inayojulikana na wenyeji, ningeiandika nikiwa nimefumba macho: loweka majivu, chota maji ya juu. Niliandika neno majivu, nikaliangalia pale chini ya nembo, likaonekana kama kuku aliyeingia ofisini. Nilimwaza Injinia akisoma. Niliwaza watu wa Mwanza na Dar wakisoma na kuuliza huyu fundi sanifu mmemtoa wapi. Nikafuta. Nikaona isiwe taabu, nikafuta mstari wote.

Mama alinikuta nimekaa chini. Nilimwambia. Akasema tule kwanza, michembe ya viazi itapoa. Ningeona afadhali angenipiga.

Mkutano wa Jumamosi ulifanyikia darasa la saba kwa sababu ya mvua. Watu walijaa mpaka madirishani. Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Limbu, alikaa kwenye meza ya mwalimu na Injinia Method pembeni yake, buti zake zimeoshwa. Elina alikaa dawati la mbele peke yake. Dawati hilo ni la watu watatu, na nyuma yake watu walikuwa wamesimama kwa kukosa pa kukaa.

Niliomba ruhusa ya kuonyesha kitu, Mzee Limbu akaniruhusu. Sikutumia chenga za Elina, maana wangesema tayari zina sabuni. Nilimwomba Injinia atoe chenga mpya kutoka kwenye gunia lililokuwa garini kwake, na nikamwomba aoshe yeye, kwa mikono yake, kwa maji ya kisima, kama karatasi ya ukutani inavyosema. Alikubali mara moja. Nadhani alifurahi. Alikunja mikono ya shati, akaosha kwa sabuni, akasuuza mara tatu huku akihesabu kwa sauti kama anafundisha chekechea. Maji ya mwisho yalikuwa safi. Akainua chupa juu, akaitikisa, watu wakaona hakuna povu. Akasema, mnaona, ukisuuza inatoka, na watu wakaguna na kumwangalia Elina mgongoni.

Nikamwomba amwage, atie maji ya mvua, atikise tena.

Povu lilipanda mpaka likamtoka kwenye vidole. Tukasikia mvua kwenye bati. Injinia aliiangalia chupa kwa muda, na nitamtendea haki, alielewa haraka. Macho yake yalienda moja kwa moja kwenye faili lake. Nilimwona akipekua, nikajua anatafuta nini.

Alisimama akasoma kwa Kiingereza, kisha akafasiri pole pole: kama maji yana chokaa, yalainishwe kwanza. Akasema ofisi ilishaelekeza tangu mwanzo. Kosa si la chenga wala si la mradi. Mtunzaji hakufuata maelekezo.

Elina akageuka kwa mara ya kwanza. Alisema karatasi yake haina maneno hayo, ameisoma kila Ijumaa kwa mwaka mmoja na anaijua kwa moyo. Mtu wa nyuma akasema labda hajui kusoma vizuri. Mwingine akasema labda ameikata. Mzee Limbu akaagiza karatasi iletwe, ikang'olewa ukutani, ikapita mikononi mwa watu, na kweli mstari haukuwepo, lakini hata hilo halikumsaidia. Wengine waliigeuza kutafuta alama ya mkasi kwenye karatasi iliyovishwa plastiki kiwandani. Ukishaamua kwamba mtu ni mchawi, hata akilala usingizi utasema anaroga.

Injinia alikohoa. Aliniangalia mimi, si kwa ubaya. Alijua nani alifasiri. Akasema kwa utaratibu kwamba huenda mstari ulipotea kwenye uchapishaji, mambo hayo hutokea, hakuna haja ya kumtafuta mtu. La msingi ni kuchagua mtunzaji mpya na kumpa mafunzo. Alikuwa ananifungulia mlango wa nyuma, na mlango wenyewe ulikuwa unapita juu ya mgongo wa Elina. Mzee Limbu alikuwa ameshashika kalamu.

Nikasimama.

"Haukupotea kwenye uchapishaji," nikasema. "Niliufuta mimi. Nilijua maana yake ni majivu, nikaona aibu kuandika majivu kwenye karatasi yenye nembo. Elina amefuata kila neno nililoandika."

Nilidhani patakuwa na kelele. Hapakuwa. Watu walinitazama tu, mmoja mmoja, wale walionipigia makofi nilipofaulu kidato cha nne. Kisha mama yangu akasimama kule nyuma, akamwuliza Injinia, kwa Kisukuma ili asikie vizuri kila mtu, kama ile fomu iliyomwandika yeye mchafu na yenyewe itasomwa leo au itasomwa siku nyingine. Injinia alisema ataifuta. Mama akasema asifute, kufuta ndiko kulikotufikisha hapa. Aandike nyingine.

Aliandika. Aliandika mbili, pale pale kwenye meza ya mwalimu, moja ya mama na moja ya Elina, na Mzee Limbu akazigonga mhuri. Ufunguo ukabaki kwa Elina. Watu wakaanza kutoka, na wale waliokunja mikono mlangoni kwake Jumanne sasa walikuwa wanamshukuru kwa Kisukuma, wabeja, wabeja sana Mama Winnie, kama vile yeye ndiye aliyewasamehe. Hawakuwa wamesamehewa. Wala hawakuwa wameomba.

Nilimfuata Elina nje nikianza kusema samahani. Alininyamazisha kwa mkono.

"Siku tano watu wanawavuta watoto wao nikipita," alisema. "Na jibu ulikuwa nalo tangu tukiwa watoto, Shida. Kwenu na kwetu ndoo ilikuwa moja."

Alikwenda mpaka kwenye chujio, akafungua kufuli, akazitoa chenga zote kwenye beseni kubwa la kupikia, akaniwekea mbele yangu. Kisha akaleta ndoo ya majivu yaliyolowekwa. Nilikuwa nimevaa sketi yangu ya kanisani kwa ajili ya mkutano, nikapiga magoti nayo kwenye tope. Nikachota maji ya juu, nikamimina kwenye maji ya kisima, nikangoja chokaa ituame. Nikaosha, nikasuuza. Winnie na wenzake walikuja kutazama, wakakaa mbali kidogo, bila kucheka. Elina alisimama juu yangu muda wote.

Nilizirudisha chenga kwenye pipa, yeye akamimina maji ya mvua. Tulingoja. Bomba lilipoanza kutiririsha hapakuwa na povu la kuonekana. Elina alikinga kikombe cha bati kikajaa, akanipa.

"Kunywa wewe kwanza."

Nikanywa. Ladha ya sabuni ilikuwepo bado, kwa mbali, nyuma ya ulimi, ile ya mwaka mzima. Ningeweza kunyamaza. Watoto walikuwa wananiangalia. Nikanywa mpaka chini, nikampa kikombe.

"Bado," nikasema.

Elina akanisogezea ndoo ya majivu kwa mguu.

"Basi osha tena."